Mparachichi wa Mama Maabara

Mgeni wa Mama Maabara hakukaribishwa kiti kwanza. Alipewa jani. Mwenyewe alilichuma kwenye tawi la chini la mparachichi wake, akalipindua, akalitazama kwa kioo chake kidogo, kisha akamkabidhi mgeni vyote viwili, jani na kioo, na kumwambia, "Niambie unaona nini." Aliyesema haoni kitu alipewa chai kavu. Aliyesema anaona unga mweupe alipewa chai na mkate. Mkusanya michango wa kanisani kwao, aliyesema anaona kazi ya Mungu, alipewa maji.

Mtaani kwetu, nyuma ya soko la Chikongola, hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika chumba cha maabara cha zahanati, chumba chenye dirisha moja na meza moja, na karibu kila mtu wa umri wangu mtaani alichomwa kidole naye. Alitoka Tukuyu, kwenye mvua na ubaridi, akaletwa Mtwara na barua ya kupangiwa kazi. Barua ya kumhamisha haikuja, au ilikuja akaiweka mahali. Mambo ya ukoo wake siyajui na sikuwahi kuuliza. Ninachokijua ni mikono yake, namna alivyoshika kidole cha mtu kama anayeshika penseli, na neno alilosema kabla ya kuchoma. Wauguzi wengine walisema "pole". Yeye alisema "tayari". Ukilisikia hilo neno, sindano ilikuwa imeshaingia na kutoka. Hadi leo mtu akiniambia tayari, kwenye stendi au hotelini, kidole changu cha kati hujikunja chenyewe.

Kazi yake ilikuwa damu, lakini kuku akichinjwa aliingia ndani na kufunga mlango. Alikuwa mkali kwa watu waliomeza dawa kwa kubahatisha. "Kipimo kwanza, dawa baadaye," alisema, na alilisema kwa wagonjwa, kwa mafundi wa redio, kwa mchungaji aliyetaka kumfukuza mwanakwaya kwa sababu ya maneno ya watu. Lakini yeye mwenyewe akishikwa na homa alimeza dawa mseto palepale jikoni, kwa maji ya moto, bila kipimo chochote. Nilimwuliza siku moja, "Mama, na kipimo?" Akanijibu, "Huyu mgonjwa namfahamu."

Kwetu malaria husemwa kwa idadi. Mtu hasemi anaumwa sana, anasema ana wadudu watano, na jirani mwenye wadudu kumi humwona kama anadeka. Mama Maabara aliishi maisha yake yote ya kazi akitoa idadi hizo, akiziandika kwenye vipande vya karatasi na kuvipitisha dirishani. Alipostaafu, idadi zilihamia kwenye mti. Watu wakipita nje waliuliza kwa utani, "Mama, mparachichi una wadudu wangapi leo?" Naye aliwajibu kwa uhakika, jani la tatu kutoka ncha, tawi la mashariki, arobaini na wawili. Utani ukaishia hapo.

Kioo chenyewe kilikuwa mali ya zahanati. Mwaka aliostaafu ililetwa hadubini mpya ya kutumia umeme, na ile ya zamani, yenye kioo cha kunasa jua, ikawa ya kutupwa. Aliomba kipande kimoja tu, lile jicho la juu ambalo mtu hutazamia, kidude cheusi kinachoenea ndani ya ngumi. Ukikigeuza chini juu na kukisogeza karibu na jani, kinakuza. Alikitundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Kanisani alikificha ndani ya gauni, lakini kilionekana tu, na waumini wageni walidhani ni kifaa cha moyo.

Mti ulikuwa umetokana na kokwa aliyoileta kutoka kwao ndani ya soksi. Mtwara si mahali pa parachichi, angalau si pa namna ile ya Tukuyu. Tuna mikorosho, minazi, miembe, mihogo. Parachichi tunayaona sokoni yakiwa yameshuka kutoka kwenye lori, yamechoka. Mti wake ulirefuka na kukonda kama mwanafunzi wa bweni. Upepo wa chumvi uliunguza kingo za majani yake, yakawa kahawia pande zote kama karatasi iliyookolewa motoni. Kila mwaka, mikorosho inapochanua, nao ulichanua, ukajaza ua kwa maua madogo ya kijani yanayokaribia njano, na kila mwaka maua yalimwagika bila kuacha kitu. Miaka kumi na miwili ilikwenda hivyo. Watu waliuita mti wa kivuli, kwa heshima, maana hata kivuli chake hakikutosha.

Tatizo lililoonekana zaidi lilikuwa nzi weupe. Ni wadogo kuliko punje ya ufuta, wenye mabawa ya unga, na wanataga chini ya jani kwa mizunguko, kama mtu aliyejaribu kalamu. Watoto wao hukaa palepale kama magamba, wananyonya, na kinyesi chao ni maji matamu yanayonata. Maji hayo yakidondokea majani ya chini, yanaota masizi meusi. Kamba yake ya kuanikia nguo ilipita chini ya mti, na mashuka yakawa yananata na kutiwa madoa. Mtu mwingine angekata matawi. Yeye alihamisha kamba.

Siku aliyonionyesha kilichomfanya asikate matawi naikumbuka vizuri, kwa sababu nilipewa chai na mkate na yai. Alinishikisha kioo akaniambia nitazame magamba matupu. Baadhi yalikuwa yamepasuka kwa mpasuko wa herufi T. Mengine yalikuwa na tundu la duara, safi, kama lililotobolewa kwa sindano.

"Mwenye T ni nani?" aliuliza.

"Sijui, Mama."

"Nzi mwenyewe. Amekua, amepasua, ametoka. Na mwenye duara?"

"Nzi mwingine."

"Nyigu," alisema. "Mdogo, humwoni kwa macho yako hayo. Mama yake anataga yai ndani ya mtoto wa nzi. Yai linaanguliwa, linamla nzi kwa ndani, halafu linatoboa mlango wake. Kila duara ni nzi mmoja aliyekufa." Alichukua kioo chake. "Ukitaka kujua kama mti unapona, huhesabu nzi. Unahesabu milango."

Hakuwaleta yeye nyigu hao. Walikuja wenyewe, au walikuwapo. Kazi yake ilikuwa kuwahesabu. Kila Jumamosi alichuma majani kumi, akahesabu T na duara, akaandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Duara zilipanda polepole mwaka hadi mwaka, na hilo lilimpa furaha ya namna ambayo sikuwahi kuiona kwake kwa mambo mengine, hata mwanawe wa Mbeya alipofunga ndoa.

Kulikuwa pia na nyigu wakubwa, hawa tunaowajua sote, wenye kiuno chembamba na miguu inayoning'inia. Walijenga chini ya tawi linaloelekea getini, nyumba ya karatasi ya kijivu iliyokuwa kubwa kama sahani. Alifunga kitambaa chekundu cha khanga kwenye tawi hilo ili wageni wazunguke. Alikaa kwenye kigoda akiwatazama wanavyorudi na viwavi waliotafunwa wakawa donge la kijani. Siku moja mzee wa kanisa alikuja kuombea nyumba, akasimama palepale chini ya kitambaa, akafumba macho na kuanza. Alikuwa na upara. Alipofika kwenye wajane na yatima, nyigu alimchoma katikati ya kichwa. Maombi yalikatika. Mzee wa kanisa alishika kichwa kwa mikono miwili, hana la kusema kwa Mungu wala kwa mtu. Mama Maabara akamalizia, "Amina," akaenda kuleta kitunguu cha kumpaka.

Sasa nimseme jirani yake, maana bila yeye habari hii haiendi.

Ukuta wa pili alikaa mzee mmoja mwenye mikorosho njia ya Madimba. Alizaliwa kijijini huko, akajenga mjini uzeeni ili awe karibu na msikiti mkubwa na hospitali. Mashine yake ya kupulizia salfa aliiweka barazani, imefunikwa kwa shuka, kama watu wanavyofunika televisheni. Mama Maabara alimwita Mzee Salfa. Yeye alimwita Mama Maabara Daktari, kwa makusudi, kwa kuwa alijua hapendi.

Mtu asiyekulia kwetu huenda asielewe salfa ni nini kwa watu wa korosho. Mkorosho ukichanua huja ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua, na dawa yake ni salfa, unga wa njano unaopulizwa alfajiri kabla upepo haujaamka. Msimu ukifika, vijiji vyote hunuka kiberiti. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiona mti wowote unaumwa, uwe mlimau, uwe mpera, mkono wake unakwenda kwenye salfa. Na Mzee Salfa alikuwa na desturi yake ya ziada. Kila mwanzo wa msimu, kabla ya kuipeleka mashine shambani, aliijaribu mtaani. Alipita nyumba kwa nyumba, akapuliza kidogo kwenye mti wa kila jirani, bure. Aliita kuonjesha. Watu walimngojea, wakamwekea chai. Kukataa kulikuwa sawa na kukataa pilau ya mtu wakati umeshakaa mkekani.

Mama Maabara alikataa miaka kumi na miwili. Yalikuwa mazungumzo yaleyale, juu ya ukuta, na wapita njia walisimama kusikiliza.

"Daktari, leo nakuja kwako."

"Una cheti cha kipimo?"

"Mkorosho haupimwi. Mkorosho unapulizwa."

"Huu si mkorosho, Mzee."

"Ndiyo maana hauzai."

Au aliegemea ukuta akautazama mti kwa huruma ya kweli na kusema, "Mti wako unataka baridi, na wewe umeng'ang'ania joto. Badilishaneni. Wewe baki hapa, huu urudi Tukuyu." Mama Maabara alicheka kwa pua. Mchana alimpelekea maharage aliyoyapika kwa nazi, na sahani ilirudi na muhogo. Lakini wakati wa kuonjesha, mzee alipopita geti lake bila kuwasha mashine, uso wake ulibadilika, na niliwahi kumsikia akimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Nangu, salfa yangu imekuwa sumu." Nangu ni mimi, kwa Kimakonde. Akiongea Kimakonde ndipo alipokuwa hatanii.

Mimi nilikuwa naondoka na kurudi. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kuhama, na sijaacha. Nilichimba mtaro wa bomba la gesi huko Madimba, kazi ikaisha, nikarudi kwenye nyumba ya marehemu mama yangu, nyumba tatu kutoka kwa Mama Maabara. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini. Ndio mwaka mti ulipozaa.

Ulizaa vitunda kumi na saba. Vilikuwa sawa na ncha ya kidole gumba, na safari hii havikuanguka. Aliwaambia watu wawili tu, mimi na Mzee Salfa. Asubuhi nikipita nilimwamkia kutoka barabarani, "Shikamoo, Mama," naye akaitikia, "Marahaba. Kumi na saba." Hakuongeza neno. Siku ya pili yake vilevile. Ikawa ndiyo salamu yetu. Vilifika ukubwa wa yai la njiwa, bado kumi na saba, ndipo simu ikaja kutoka Tukuyu kwamba dada yake amefariki.

Aliniachia ufunguo wa kufuli la geti. Alikuwa ameshavaa viatu vya safari, na begi liko mkononi.

"Nifagilie ua," alisema. "Mti usiuguse. Ukiona chochote, usitibu. Andika, nitakuja kusoma."

"Sawa, Mama."

"Chochote."

"Nimesikia, Mama."

Wiki ya tatu nilikuwa nafagia nikasahau kitambaa chekundu. Nyigu alinichoma kwenye kope. Kufika jioni jicho lilikuwa limefunga kabisa, na usoni nilifanana na mtu aliyepigwa. Asubuhi yake Mzee Salfa alinikuta getini. Alikuwa na mashine mgongoni, anaelekea shamba.

"Naona duka moja limefungwa," alisema.

"Nyigu, Mzee."

"Nimesema miaka kumi na miwili. Mti umebeba matunda, na umebeba majambazi." Aligonga tangi kwa kidole. "Leo sina salfa. Nina ile ya maji, ya mbu wa mikorosho, wale wanaonyonya machipukizi. Hiyo hainuki, haina doa. Dakika tano. Akirudi anakuta mti safi, matunda makubwa, anatoa shukrani kwa Mungu wake."

"Mama amesema usiguswe."

"Amesema nani ataguswa, wewe au mti? Jitazame." Alinitazama lile jicho. "Fungua geti hilo, mwanangu."

Hakunilazimisha. Nimelifikiria jambo hili katika nyumba nyingi za kulala wageni, na siwezi kusema alinilazimisha. Kope ilikuwa inapwita, nilikuwa na hasira na wadudu, na nilitaka mtu mzima aniamulie. Nilifungua kufuli. Nilimwonyesha hata nyumba ya nyigu ilipo. "Pale, Mzee, nyuma ya kitambaa." Alipuliza mti wote, chini na juu, kwa ustadi, akirudi nyuma hatua moja kila pumzi, kama alivyofanya kwa mikorosho miaka arobaini. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekaribishwa hatimaye. Nyigu walidondoka kama makapi.

Wiki ya kwanza baada ya dawa mti uling'aa. Nilifurahi, nikajiambia nitamwandikia kwamba umepona. Wiki ya pili mizunguko ya unga ilirudi chini ya majani, na ya tatu ilikuwa imejaa kuliko nilivyowahi kuona. Nzi weupe walioletwa na upepo kutoka mipera ya jirani walikuta mti hauna tena nyigu wadogo wa kuwazuia. Masizi yakaota mpaka kwenye shina. Majani yakaanza kuanguka, kisha vitunda, kimoja asubuhi, viwili mchana. Niliviokota nikaviweka kwenye kopo la maziwa. Vilipotimia kumi na saba nilipeleka kopo jalalani, nyuma ya soko, nikalifunika kwa maganda ya nazi.

Mama Maabara alirudi wiki ya sita ya safari yake. Aliweka begi chini, hakuuliza habari za nyumbani, akavuta jani na kutoa kioo kifuani. Alitazama jani la kwanza, la pili, la tatu.

"T," alisema. "T. T. T."

Alikaa kwenye kigoda.

"Nani?"

"Mzee wa korosho," nilisema. Hapo nilisema kweli.

"Alipitaje?"

"Sikuwepo, Mama. Nilikwenda Msimbati siku hiyo. Labda geti sikulifunga vizuri."

Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, kama anavyotazama jani.

"Labda," alisema.

Kesho yake, nikiwa dirishani kwangu, nilimwona Mzee Salfa amesimama nje ya geti la Mama Maabara, ameshika sahani iliyofunikwa kwa kawa. Alibisha, akangoja. Sikukaa kuona kama alifunguliwa. Wiki hiyohiyo nilichukua kazi kwenye mashamba ya chumvi, mbele ya Msimbati, upande mto Ruvuma unakoingia baharini.

Chumvi ni kazi ya kutazama maji yakikauka, na mtu anapata nafasi ya kufikiri. Nilijiambia nimewagombanisha wazee wawili ambao walikuwa wakipelekeana mihogo na maharage miaka mingi. Dawa ya jambo hilo nilikuwa nayo mdomoni, sentensi moja, na safari ya kwenda kuisema ilikuwa ya saa chache. Sikuisema. Kutoka kwenye chumvi nilikwenda Masasi, kutoka Masasi Tunduru, halafu Dar es Salaam, kisha Masasi tena. Nikapata tabia ya kupindua majani ya mipera popote nilipofikia. Mwenye nyumba ya wageni huko Masasi alinikuta uani asubuhi nimeinamia tawi.

"Unatafuta nini humo, kaka?"

"Naangalia milango."

Alinirudishia hela ya siku ya pili na kuniomba nihame. Alidhani mimi ni mganga.

Nilipokuwa Tunduru nilipata habari kwa simu kwamba Mzee Salfa amefariki. Walimzika kijijini, karibu na mikorosho yake. Sikwenda.

Mwaka jana, mikorosho ilipokuwa inachanua, nilirudi Mtwara kwa ajili ya karatasi za nyumba ya mama. Nilipita barabara ya nyuma siku mbili ili nisipite getini kwa Mama Maabara. Siku ya tatu nilipita. Geti lilikuwa wazi. Alikuwa kwenye kigoda kilekile, amepungua, kamba ya kiatu bado shingoni. Macho yake yote mawili yalikuwa na wingu jeupe katikati, mtoto wa jicho. Mti ulikuwa umesimama nyuma yake, wenye matawi machache kuliko nilivyoukumbuka na maua mengi.

"Shikamoo, Mama."

Alinyanyua kichwa. Alitambua sauti.

"Marahaba." Hakutaja idadi. "Umetembea."

"Nimetembea, Mama."

"Chuma jani. La tatu kutoka ncha, tawi la mashariki." Alivua kamba shingoni akanyoosha mkono wenye kioo, kidogo pembeni ya mahali nilipokuwa. "Mimi siwezi tena. Nihesabie."

Nilichuma, nikalipindua. Nilianza na T, nikamaliza, nikaenda kwenye duara. Nilielewa nilichopewa. Alikuwa hana njia ya kujua. Ningeweza kumpa idadi yoyote, na angeibeba mpaka usiku akiifurahia.

"T thelathini na moja," nilisema. "Duara tisa."

Alihesabu tisa kwa vidole vyake.

"Wiki iliyopita mwinjilisti wa kanisani kwetu alinihesabia," alisema. "Akaniambia duara arobaini, T hata moja hakuna. Nikajua ananihurumia. Nikampa maji." Alipangusa macho yasiyoona vizuri kwa ncha ya khanga. "Tisa. Haya."

"Mama."

"Nakusikia."

"Geti nililifungua mimi. Siku ile ya dawa. Sikuwa Msimbati. Nilifungua kufuli, nikamwonyesha Mzee nyigu walipo. Na vitunda nilivitupa jalalani."

"La vitunda sikulijua," alisema. "La geti nililijua siku ileile. Kufuli lilikuwa zima, ufunguo uko kwako, na Mzee ana goti bovu, ataruka ukuta upi? Kesho yake akaja na muhogo. Anasema, Daktari, ni mimi, niliingia mwenyewe, kijana hana habari. Nikamwambia, na goti? Akacheka mpaka akakaa chini hapo ulipo wewe."

"Kwa hiyo hamkugombana?"

"Tuligombana siku tatu. Juu ya dawa, si juu yako." Alitabasamu kwa upande mmoja. "Tangu hapo alikuwa anapita getini anauliza kwanza. Una kipimo, Daktari? Nikisema duara zimeshuka, anakunja uso kabisa, kama zake. Mwaka wake wa mwisho mti ulitoa moja. Moja tu. Nilimpelekea kitandani, tukalikata vipande vitatu, tukatia chumvi. Lilikuwa la majimaji, ovyo. Tukalimaliza. Kipande cha tatu tulikuwekea wewe. Kikaoza."

Barabarani mtu alipita akisukuma mkokoteni wa madumu.

"Kwa nini hukunitafuta, Mama? Hukuniambia kwamba unajua."

"Mgonjwa ndiye anayekuja maabara," alisema. "Maabara haimfuati mgonjwa."

Kisha akanyoosha kidole kwenye jani, karibu kabisa na mahali lilipokuwa.

"Rudia kuhesabu. Jani lilikuwa linatetemeka, nimelisikia."

Niliegemeza kiwiko gotini. Nilishusha kioo taratibu, nikaanza upya kutoka kwenye kikonyo, nikifuata mshipa mmoja baada ya mwingine. T zilikuwa zilezile thelathini na moja. Pembezoni, kwenye ukingo ulioungua na chumvi, kulikuwa na gamba nililolipita mara ya kwanza nikidhani ni uchafu. Lilikuwa na tundu, dogo, safi.

"Duara kumi," nilisema.

"Kumi," alisema, kwa sauti aliyokuwa akisemea kumi na saba. Alichukua kioo chake, akakivaa. "Chai iko kwenye chupa, jimiminie. Mkate uko kabatini."